ILE "TII TII TII" YA UFUNGUO: HISTORIA YA WAYA UNAOMWOKOA DEREVA, KUTOKA DETROIT MPAKA NGARA

Kila aliyewahi kupanda mchomoko anaijua hii sauti. Dereva anafungua mlango, ufunguo bado uko kwenye swichi, ndinga inaanza kulalamika: tii, tii, tii. Abiria wanakunja sura, dereva anasonya. Siku uvumilivu ukiisha anaenda kwa fundi umeme: "Kaka, hebu niondolee hii kelele." Fundi anaingiza mkono chini ya stelingi, anachomoa soketi moja, anapewa hela ya soda. Kimya. Kila mtu ana furaha.

Mpaka siku ufunguo unabaki ndani na milango yote imejifunga.

Sasa ukiwa Dar au Mwanza huo ni usumbufu tu. Unapiga simu, fundi anakuja na bodaboda, stori imeisha. Ukiwa Bukiriro, kata iliyoko wilayani Ngara mkoani Kagera, hesabu inabadilika. Fundi mwenye vifaa unaweza kukuta yuko mjini Ngara, yuko Kabanga au yuko Benako, na wewe una abiria, una mzigo, giza linaingia. Ndiyo maana inafaa kuijua historia ya huo waya kabla hujamwambia mtu auchomoe.

ZAMANI HAKUKUWA NA CHA KUJIFUNGIA

Gari za mwanzo kabisa zilikuwa wazi kama mkokoteni. Nyingi hazikuwa na vioo vya pembeni, achilia mbali loki ya mlango. Huwezi kujifungia nje ya kitu ambacho hakifungwi. Kuwasha injini ilikuwa kazi ya misuli, unazungusha hendeli mbele ya gari, na ikirudi nyuma vibaya inavunja mkono.

Mwaka 1912 Cadillac wakaleta stata ya umeme, kazi ya injinia Charles Kettering. Hendeli ikaanza kufa. Mwaka 1949 Chrysler wakaja na mtindo ambao mpaka leo wengi wanao: ufunguo mmoja, unauzungusha, gari inawaka. Kabla ya hapo ufunguo ulikuwa unaruhusu umeme tu, halafu unatafuta kitufe cha kuwashia.

Hapo ndipo msala ulipoanza kimya kimya. Ufunguo ukawa mtu anauacha mahali pake, kwenye swichi, hata akishuka mara moja. Na mwaka 1956 kampuni ya Packard ya Marekani ikaweka loki za umeme, kitufe kimoja kinafunga milango yote. Raha tupu. Lakini unganisha hayo mawili: ufunguo unakaa ndani, na milango yote inafungwa kwa mguso mmoja. Zamani ulikuwa ukijisahau unazunguka upande wa abiria, unakuta mlango mmoja haujafungwa. Loki ya umeme haisahau mlango.

KELELE ILIYOLETWA NA SHERIA

Wengi wanadhani ile tii tii iliwekwa kwa ajili ya wasahaulifu. Hapana. Iliwekwa kwa ajili ya wezi.

Miaka ya 1960 Marekani ilikuwa na wizi wa magari wa kutisha, na gari nyingi zilizoibwa wenyewe walikuwa wameacha ufunguo kwenye swichi. Vijana wanapita, wanaona ufunguo unaning'inia, wanaondoka na mkoko. Serikali ikatunga kanuni ya usalama namba 114, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1970. Pamoja na mambo mengine, gari jipya lilitakiwa limpe dereva ishara akifungua mlango wake huku ufunguo ukiwa bado kwenye swichi. Kampuni zikaweka kengele ndogo.

Ili kengele ijue kwamba ufunguo upo, mafundi wakaweka kiswichi kidogo ndani ya nyumba ya swichi. Ufunguo ukiingia unakibonyeza, ukitoka kinarudi. Rahisi hivyo. Kwa mara ya kwanza gari za kawaida zikawa zinajua swali moja muhimu: ufunguo uko wapi?

Kila kitu kilichokuja baadaye kimejengwa juu ya hicho kiswichi.

UJANJA WA SHIKA KITASA

Wajapani walikuwa na njia nyingine isiyohitaji hata waya. Waulize wazee waliowahi kuendesha Toyota za kitambo. Ukibonyeza loki ya mlango wa dereva ukaubamiza, loki inaruka juu yenyewe, mlango haujafungwa. Wengi walidhani ni ubovu. Kumbe ni makusudi. Ili uufunge bila ufunguo ilibidi ubonyeze loki, halafu uinue kitasa cha nje ukishikilie wakati unabamiza mlango.

Maana yake nini? Gari lilikuwa linakulazimisha ufikirie. Mtu aliyeshika kitasa kwa makusudi ameshaamua kufunga. Mtu aliyesahau anabamiza tu, na mlango unabaki wazi unamsubiri. Hakuna fyuzi, hakuna rilei, chuma tupu.

Kwa Ngara mfumo wa namna hiyo, loki ya chuma isiyotegemea umeme, ulikuwa na maana kubwa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya kama saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya kimbari. Benako ikageuka kambi kubwa yenye watu kama jiji. Mashirika ya misaada yakamiminika na malori na zile Land Cruiser nyeupe zenye antena ndefu, kwenye wilaya ambayo barabara zake hazijawahi kuona msururu kama huo. Dereva anayeshuka mara ishirini kwa siku, kwenye vumbi na mvua, hahitaji gari lenye akili nyingi. Anahitaji mlango ambao hautamgeuka.

Kuanzia miaka hiyo ya 1990 gari zilizotumika Japani zikaanza kuingia Tanzania kwa wingi, na leo ndizo zinazobeba watu vijijini: Noah, Probox, IST, Hiace. Zinashushwa bandarini Dar, zinapigishwa zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Ngara. Nyingi zina loki za umeme. Na ndani yake, chini ya dashibodi, kuna kile kiswichi.

WAYA UNAFANYAJE KAZI

Twende taratibu, hii ndiyo nyama ya stori.

Gari lina vitu vitatu vinavyoongea. Cha kwanza, kiswichi cha ufunguo kwenye swichi. Cha pili, swichi ya mlango, ile inayowasha taa ya ndani mlango ukifunguliwa. Cha tatu, boksi dogo linalotuma umeme kwenye mota za loki.

Ufunguo ukiwa kwenye swichi na mlango wa dereva ukiwa wazi, boksi linapata taarifa mbili kwa pamoja: ufunguo upo, mtu anashuka. Hapo linapiga tii tii. Na kama dereva akibonyeza loki kwenye huo mlango ulio wazi, boksi linafunga halafu papo hapo linafungua tena. Unasikia "tak-tak". Watu wengine wanalipiga dashibodi ngumi wakidhani sento loki imekufa. Haijafa. Inakukatalia.

Kwenye vitabu vya mafundi vya Toyota hii kazi ina jina lake kabisa, kuzuia ufunguo kufungiwa ndani. Yaani kuna injinia alikaa mezani akamfikiria dereva atakayejisahau, akamwekea ulinzi kabla hata gari halijatengenezwa. Jina lake halipo kwenye gari popote.

Sasa rudi kwa yule fundi wa hela ya soda. Kama amechomoa kengele peke yake, umepoteza sauti tu. Lakini akichomoa soketi ya kiswichi cha ufunguo, amezima vyote viwili. Kuanzia siku hiyo boksi linaamini ufunguo haupo, hata ukiwa unaning'inia mbele ya macho yako. Ukibonyeza loki linafunga kwa utii. Kimya kinalipiwa hapo.

ALAMU ILIYOVURUGA KILA KITU

Mwaka 1982 Renault wa Ufaransa waliweka kwenye gari yao ya Fuego rimoti ya kufungia milango, ikaitwa "plip" kutokana na jina la mgunduzi wake, Paul Lipschutz. Miaka miwili kabla ya hapo, 1980, Ford walikuwa wameanza kuweka vitufe vitano vya namba kwenye mlango wa dereva kwa baadhi ya gari zao kama Lincoln na Thunderbird. Ukifungia ufunguo ndani unabonyeza namba yako ya siri, mlango unafunguka. Safi sana, ila kitaani kilichopendwa ni rimoti.

Gari likija bila rimoti, mwenye gari anaenda kufungiwa alamu. Na hapa ndipo mambo mengi yanapoharibikia.

Alamu ya kuongezea inakuja na boksi lake. Fundi mwenye haraka anaunga waya zake moja kwa moja kwenye mota za loki, analiruka boksi la kiwandani. Inafanya kazi, inalia "kwi-kwi", mteja anatabasamu. Ila boksi jipya halijaungwa na kiswichi cha ufunguo. Halijui ufunguo uko wapi wala halina habari.

Halafu alamu nyingi zina tabia mbili. Moja, ukifungua kwa rimoti usipofungua mlango ndani ya muda mfupi, kawaida kama sekunde 30, inajifunga tena yenyewe. Mbili, ukiwasha injini inafunga milango baada ya sekunde chache. Fikiria dereva amewasha gari asubuhi lipashe, akashuka kufuta kioo, akabamiza mlango. Tak. Injini inaunguruma, ufunguo ndani, yeye nje na kitambaa mkononi.

Hapo zinaanza mbinu za kitaa. Rula ya chuma kati ya kioo na mpira. Waya uliokunjwa ncha. Wakati mwingine inakubali, wakati mwingine inakata waya za ndani ya mlango, na tatizo moja linakuwa matatu.

RILEI MOJA, NA MGONGANO WAKE

Mafundi umeme wenye akili zao wana dawa. Rilei ya miguu mitano. Ule waya unaobeba amri ya kufunga kutoka kwenye alamu unakatwa, unapitishwa kwenye mguu ambao rilei ikilala unaunganisha na ikiamka unakata. Kinachoiamsha rilei ni umeme unaotoka kwenye kiswichi cha ufunguo. Ufunguo upo, rilei inaamka, amri ya kufunga inakatwa njiani. Alamu inaweza kupiga kelele inavyotaka, mota hazisikii. Weka na fyuzi ndogo, kwa sababu waya usio na fyuzi ni kiberiti.

Ila kuna mtego. Barabara za huku zina historia. Miaka ya 1990 na ya 2000 mapori ya Biharamulo na Ngara yalikuwa na utekaji mpaka mabasi yakawa yanasindikizwa na polisi wenye silaha. Madereva waliokulia kwenye hiyo hofu wanataka milango ijifunge wakiwa safarini, na wana haki. Rilei iliyounganishwa na ufunguo peke yake inaua na hiyo kazi. Umezuia kujifungia nje, lakini umeacha wazi mlango ambao mtu anaweza kuuvuta gari likipunguza mwendo kwenye kona.

Kwa hiyo fundi mzuri anakuuliza kwanza: unaogopa nini zaidi? Kwa wengine jibu rahisi halihitaji hata rilei. Alamu nyingi zinakubali kuzimwa ile tabia ya kujifunga yenyewe, unafuata maelekezo ya kitabu chake. Dereva anabaki na kitufe, anafunga mwenyewe akikaribia pori, anafungua mwenyewe akifika. Mkono wa mtu unachukua kazi ya boksi.

Wa malori nao wana yao. Foleni ya Rusumo, pale unapovuka daraja na kubadilisha upande wa barabara kutoka kushoto kwenda kulia, dereva anashuka mara kumi kuangalia tairi na karatasi. Wapo wanaofunga ufunguo wa akiba kwa waya mahali chini ya chesi. Hiyo nayo ni wayaringi, ya aina yake.

PALE INAPOACHA KUWA UTANI

Mpaka hapa mtu anaweza kucheka. Lakini weka mtoto kwenye siti ya nyuma.

Ngara iko juu, kuna kaubaridi, na watu wanadhani joto la ndani ya gari ni shida ya Dar. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha kwenye jarida la Pediatrics matokeo ya kupima gari zilizoegeshwa juani. Hata siku yenye nyuzi joto 22 tu nje, ndani ya gari joto lilipanda kwa kama nyuzi 22 zaidi ndani ya saa moja. Na sehemu kubwa ya ongezeko hilo, asilimia 80, ilitokea ndani ya nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Mwili wa mtoto mdogo nao unapata joto haraka zaidi ya wa mtu mzima.

Kwa hiyo mtoto akifungiwa ndani hakuna kusubiri fundi wala kuzunguka na rula. Vunja kioo. Chagua kioo cha pembeni kilicho mbali na mtoto, piga kwenye kona, siyo katikati. Kioo cha pembeni kinapasuka vipande vidogo vidogo. Cha mbele usihangaike nacho, kina utando katikati, kitakupotezea muda. Zimamoto na uokoaji ni 114. Kioo kinanunulika.

Na hapa waya una kikomo chake, lazima kisemwe. Watu wanapenda kumpa mtoto rimoti achezee ili anyamaze. Mtoto anabonyeza, milango inafungwa, ufunguo uko mkononi mwake. Kiswichi hakijui, maana ufunguo haupo kwenye swichi. Rilei haijui. Wote wanaolinda wamelala kwa sababu mlinzi wa kwanza, mtu mzima, ametoa ufunguo.

MPAKA LEO: GARI LINALOTAFUTA UFUNGUO LENYEWE

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mercedes-Benz walileta ufunguo wa kukaa mfukoni. Gari lina antena ndani, linausikia ufunguo uko wapi, na ukijaribu kufunga huku umeuacha kwenye siti linakataa na kukupigia kelele. Leo teknolojia hiyo iko kwenye Toyota za kawaida zinazowashwa kwa kitufe. Lile swali la 1970, ufunguo uko wapi, sasa linajibiwa kwa redio badala ya kiswichi. Ila betri ya ufunguo ikiisha, gari linakuwa kiziwi. Teknolojia haijawahi kumaliza usahaulifu, inauhamisha tu.

KABLA HUJAMPA FUNDI HELA YA SODA

Jaribu gari lako leo. Shusha kioo cha dereva mpaka chini kabisa, hiyo ni muhimu. Weka ufunguo kwenye swichi, fungua mlango, bonyeza loki. Ikifunga na kufungua papo hapo, ulinzi wako uko hai, mheshimu. Ikifunga na kutulia, kuna mtu aliukata, au ulikatwa kabla gari halijawa lako.

La pili, chonga ufunguo wa akiba. Gari nyingi zinakuja na ufunguo mmoja tu. Kama wa kwako una chipu na kuchonga wenye chipu ni mkwanja mrefu, chonga wa kawaida usio na chipu. Hautawasha injini, lakini kama mlango una tundu la ufunguo utaufungua, na hicho ndicho unachohitaji usiku wa manane Bukiriro. Usiuweke ndani ya gari hilo hilo, tafadhali sana.

La tatu, ukienda kufunga alamu, mwambie fundi maneno haya: "Usiniue kiswichi cha ufunguo." Akikushangaa, tafuta mwingine.

Sasa uwanja ni wenu wadau. Kioo, rula ya chuma au fundi wa bodaboda: wewe ulitokaje siku ufunguo ulipobaki ndani? Na mafundi mliopo humu, rilei mnaifunga kwenye ufunguo au kwenye mlango? Dondosheni hapo chini.